Koti la Bwana Harusi

Mijakaranda ikichanua, bustani ya mimea pale Dodoma haina pa kukanyaga. Jumapili hiyo ya Oktoba kila mwenye simu alikuja kujipiga picha, na wapiga picha wa kazi wakawa wanagombea vivuli. Yudith, karani wa wizara moja kule Mtumba, aliingia na gauni lake la njano, akakatiza mbele ya kamera ya mmoja wao, Gerson, bila hata kugeuka.

"Dada, umeniharibia picha," Gerson alisema.

"Bustani ni ya umma, kaka. Maua hukuyapanda wewe."

Gerson alicheka, akamwonyesha picha yenyewe: njano katikati ya zambarau. Yudith akaomba atumiwe, na namba ya simu ikatoka kwa kisingizio hicho. Mapenzi mengi ya mjini huanza na visingizio vyepesi kuliko hicho.

Jakaranda zilipopukutika na mikrismasi kuwaka maua mekundu, walikuwa wanaitana mume wangu, mke wangu kwenye simu, na nyumbani kwa kina Yudith, Ihumwa, hakukaliki. Kaka yake Optatus, aliyemlea tangu wazazi wafariki, alikuwa amemtafutia mchumba mhasibu. Mpiga picha wa bustanini, alisema, si mtu wa kupokelewa posa. Yudith alimjibu mbele ya shangazi kwamba ataolewa na Gerson au hataolewa kabisa. Kwa shingo upande Optatus akakubali posa ije Jumamosi. Heshima yote ya Yudith pale nyumbani sasa ilimtegemea mwanamume mmoja.

Alhamisi jioni Optatus akaweka simu yake kando ya sahani ya dada yake. Kwenye kioo alikuwa Gerson, kavaa koti jeusi, kasimama chini ya mkrismasi, na bibi harusi wa shela jeupe kamwegemea kifuani. Ndugu wa bibi harusi ndiye aliyeirusha picha hiyo mtandaoni. Optatus akatamka palepale kwamba posa imekufa.

Yudith akampigia Gerson. "Hongera ya ndoa," akasema, akakata. Simu zilizofuata hakuzipokea. Aliumia, wala tusimfichie. Alilia bafuni huku kafungulia bomba.

Lakini huyu si wa kushindwa na picha. Kesho yake aliaga kazini, akapanda bodaboda mpaka bustanini ili akamtukane uso kwa uso. Akamkuta ndani ya koti jingine, jeupe safari hii, kasimama na bibi harusi mwingine mbele ya kamera iliyowekwa juu ya miguu yake mitatu. Bwana harusi mwenyewe alikuwa kivulini na shati lake, akinywa soda.

"Unafanya nini, Gerson?"

"Napima mwanga. Bwana harusi akisimama juani muda wote huu, jasho linamharibia picha. Navaa koti lake mpaka kamera ikae sawa."

"Na yule wa juzi?"

"Naye hivyo hivyo. Ungepokea simu, mke wangu."

"Na wewe ungeniambia mapema kwamba kila wiki unaegemewa kifuani."

Gerson akakiri kosa. Kwake ilikuwa kazi tu, hakuwahi kuwaza inavyoonekana. Bibi harusi akacheka mpaka shela likamteleza. Yudith hakucheka. Alikuwa na hasira bado, ila sasa imepata pa kwenda. Akatoa simu, akaweka sauti kubwa, watu wote wasikie.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umemwona mumeo wa watu?"

"Nimemwona kazini kwake, anamsimamia bwana harusi aliyechoka jua. Bwana harusi huyu hapa, muulize. Kesho Gerson anakuja na wazee wake. Ukifunga mlango, posa nitaipokelea barazani, majirani wakitazama."

"Utaniaibisha, Yudith?"

"Nitaolewa, kaka. Aibu utachagua wewe."

Gerson alishindwa hata kuvua koti. Kisha Optatus akakohoa, akauliza wageni watakuwa wangapi, shangazi apate kupima mchele.