Hema la Sebuleni

Rafiki yangu aliyepatwa na mkasa huu ni muuguzi, si mtu wa kushtuliwa na panya. Yeye na mumewe walipanga kuwapeleka watoto wao wawili kupiga kambi kwenye hifadhi ya ufukweni. Shemeji yake akawaazima hema la turubai zito, na Jumamosi mchana wakalisimamisha sebuleni walikague kama lina matundu. Wakafunga mapazia. Muuguzi akaingia ndani na kufunga zipu, mumewe akabaki nje na watoto, akimulika kwa tochi.

"Ukiona mwanga umepenya, sema," mumewe alimwambia.

Ndani mlikuwa na giza totoro. Akawa anapapasa turubai, mara akasikia mtu anapumua nyuma yake, taratibu, kama aliyelala.

"Mwanangu, toka, nitakukanyaga," akasema, akidhani ni kitinda mimba wake.

"Mama, mimi niko huku na baba," mtoto akajibu kutoka nje.

Pumzi zikakoma. Badala yake akasikia mchanga ukichakacha, kana kwamba mtu anajigeuza ufukweni. Akafungua zipu kwa pupa, akatoka kwa magoti, akamshika mumewe mkono.

"Hakuna safari tena. Hema hili lirudishe leo hii."

"Wewe nawe," mume akacheka kidogo. "Giza tu hilo limekuchezea."

Wote wanne walikuwa wamesimama nje, tochi ikimulika mlango ulioachwa wazi. Zipu ikaanza kushuka, polepole, meno yake yakilia moja moja, ikifungwa kwa ndani.