Barua Iliyozuiwa na Nchi Kumi na Moja

Soko la Balti Jaam, Jumamosi adhuhuri, Tallinn nzima imo humo. Jarkko alirudi nyuma bila kutazama, na mkate wake mweusi wenye dagaa ukatua kwenye koti jeupe la sufu la Pirje.

"Samahani, dada!"

"Samahani hiyo inafua koti?"

"Nitalifua mwenyewe."

"Kwa mikono laini hiyo ya kubonyeza kompyuta?"

Jarkko akacheka, maana Pirje alikuwa amepatia. Yeye alifanya kazi Helsinki, Finland, ng'ambo ya bahari, Pirje hapo Tallinn, Estonia, na kazi yao ilikuwa moja: kuwawinda magaidi wa mitandaoni, wale wanaotaka kuzima umeme wa hospitali za watu huku wenyewe wanakunywa kahawa kwao. Nchi kumi na moja ziliwinda pamoja. Jambo likionekana huku, huko linajulikana kabla chai haijapoa.

Koti likafuliwa, simu zikaanza. "Umekula, kipenzi?" "Nimekula, ila hakuna wa kunitania." Mwaka mzima! Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.

Kisha Jarkko akaitwa kazini The Hague, Uholanzi, ajibu kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Angebaki, iwapo tu Pirje angekubali kuolewa naye. Mdomo ukawa mzito, akaamua kuandika. Kwa kuwa anwani ya barua pepe ya ofisi si ya mambo ya moyo, akafungua mpya isiyo na jina lake, akaambatisha faili na kuandika: "Fungua haraka."

Ewe mwanamume! Na kazi yako ile!

Anwani ngeni, faili, haraka: Pirje alifundisha watu kila siku wasiguse kitu cha namna hiyo. Naye hakugusa. Alitoa tahadhari, na baada ya dakika ishirini nchi zote kumi na moja zikaizuia anwani ile. Jarkko alipotuma barua ya pili, ikamrudia: umezuiwa. Roho ikamchoma. Akazima simu siku mbili, wala kazini hakwenda, Pirje akipiga mpaka akalia.

Ijumaa asubuhi Dzintra wa Riga, mchunguzi wa mafaili hatari, akampigia Pirje simu.

"Pirje, gaidi wako nimemfungua. Hana virusi."

"Ana nini?"

"Ana posa, inatoka kwa Jarkko. Nchi zote tumeisoma, shoga. Wapolandi wanauliza umejibu nini."

Pirje alitoka mbio bila hata skafu. Meli ya Helsinki huchukua saa mbili. Hakuketi hata dakika. Alimkuta Jarkko mlangoni pa ofisi, macho mekundu, barua ya kukubali kazi mkononi. Ilibaki nusu saa kufika saa sita.

"Si ulinizuia?"

"Nilimzuia gaidi! Nani anaposa kwa faili?"

"Niliona haya."

"Haya zako nusura zinikoseshe mume. Sema kwa mdomo."

"Pirje, utakubali nikuoe?"

"Nimekubali, mjinga wangu."

Barua ikachanwa vipande, wakakumbatiana mbele za watu, jambo ambalo Wafini hawajalizoea. Lakini kwa taratibu zao, tahadhari hufungwa na aliyeitoa, na nchi zote husoma matokeo. Pirje akatoa simu, kidevu begani kwa Jarkko, akaandika:

"Si gaidi. Ni mume wangu mtarajiwa. Mfungulieni."