Wimbo wa Magala

Kisima cha ukoo hapa Dirre ni kirefu mno. Wanaume hujipanga ngazi kwa ngazi ndani yake, wakipokezana ndoo huku wakiimba. Bila wimbo mikono haiendi pamoja. Ng'ombe wakiusikia hushuka wenyewe mpaka horini.

Wageni wakapata habari, wakaja na kamera. Kijiji kikaunda kamati ya kuwapokea, na malipo yao yakanunua dawa za mifugo. Hapo hapakuwa na ubaya. Ubaya ni kwamba wageni walikuja saa waliyotaka, na Wario na wenzake wa kisimani wakawaimbia bila ng'ombe hata mmoja. Ndoo zikapanda, hori likafurika. Tume, mkewe Wario, akachimba mfereji, akayapeleka maji kwenye mahindi yake. Mahindi yakanawiri. Akatamba nayo, kwa nini asitambe?

Kiangazi kikakaza. Siku ya zamu yao ya kunywesha mifugo, ng'ombe wao Magala alishuka na mimba kubwa. Watoto wa Tume, Guyo na wadogo zake, walitegemea maziwa ya ng'ombe huyo akishazaa. Wario akaimba. Ndoo za mwanzo zilileta maji kidogo, zilizofuata zikaleta tope. Magala akalamba hori, akasimama tu. Tume aliona aibu, hakuweza kuyatazama mahindi yake.

Mzee Jarso, msimamizi wa zamu, akaagiza kisima kipumzishwe na ng'ombe wapelekwe kisima cha mbali. Magala alizaa njiani. Ndama hakuishi.

Tume alilia waziwazi. Jirani yake Darmi, ambaye watu walimcheka kwa kuchimbachimba mteremko, akaja kumpa pole. Kisha akamwambia ukweli.

"Mama Guyo, mahindi yako yamekunywa maji ya Magala."

"Najua. Sasa nisilime?"

"Lima mtama na kunde, havina kiu kama mahindi. Na maji ya mvua yanapita mlangoni kwako mbio. Umewahi kuyazuia?"

Darmi akamwonyesha. Unachimba shimo la umbo la nusu mwezi, uwazi ukitazama upande wa juu wa mteremko. Udongo unaupanga uwe ukingo upande wa chini. Ndani unatia samadi, unapanda, unafunika kwa nyasi kavu. Maji yakishuka yanaingia, yanatulia, yanazama.

Mvua ilipokuja, ilikuwa haba. Hata hivyo Tume alivuna mtama, na mabua akamwekea Magala, aliyekuwa na mimba tena.

Kisima kilipopata maji tena, kamati nayo ikaamua kwamba wageni waje siku ya zamu, wakae wangoje ng'ombe. Siku moja mgeni mmoja alichoka na jua. Akamtuma mkalimani aseme ataongeza malipo, mradi waimbe sasa hivi. Wario akamtazama mkewe.

"Mwambie wimbo ni wa Magala," Tume akasema. "Akifika, utaimbwa."

Mgeni akakaa chini. Vumbi likaonekana kwa mbali, wanaume wakaingia kisimani, na sauti ikapanda pamoja na ndoo. Magala akashuka, ndama wake mpya nyuma. Akanywa mpaka akainua kichwa mwenyewe.