Mbwa Aliyempenda Jirani

Kila asubuhi, jua likianza tu kupanda juu ya mapaa ya debe ya Temeke, Demetria alikuwa na kazi tatu: kuchota maji bombani, kufagia ua na kuwafungulia kuku. Alizifanya huku akinung'unika, kwa kuwa alikuwa na miaka kumi na miwili na aliamini kwamba watoto wote wa Temeke walikuwa bado wamelala isipokuwa yeye. Lakini mwezi wa Juni mwaka ule wa 1953 aliongezewa kazi ya nne, na hiyo hakuinung'unikia hata siku moja. Ilikuwa kazi ya kumpelekea mbwa uji.

Mbwa huyo aliitwa Shaba kwa sababu ya rangi yake. Hakuwa wa Demetria bado. Enzi zile za Mwingereza, mbwa aliyeonekana njiani bila kibati cha leseni shingoni alikamatwa, kwa hofu ya kichaa cha mbwa, akafungiwa katika banda nyuma ya ofisi ya mifugo. Zikipita siku kumi na nne bila mtu kumtaka, alichomwa sindano, na habari yake ikaishia hapo. Mtunzaji wa banda, Bwana Marselino, aliichukia sindano ile. Akaomba ruhusa ya kuwagawa mbwa kwa watu wawalee mwezi mmoja kwa majaribio. Demetria alipolisikia jambo hilo shuleni, alimsumbua baba yake wiki tatu nzima. Mzee Gozbert, karani wa bandarini, alikataa, akakataa tena, mpaka wezi walipowabeba kuku wake wawili. Hapo akakubali.

Siku ya kumchukua, Bwana Marselino alimvisha Shaba mkanda mpana wa ngozi laini wenye kibati cha majaribio, akapitisha vidole viwili kati ya mkanda na shingo.

"Vidole viwili vipite hivi kila siku," alimwambia Demetria. "Huyu alipigwa sana huko alikotoka, kwa hiyo usimwendee kwa pupa. Mwezi ukiisha nitakuja mwenyewe. Nikikuta hana jeraha, na ukimwita anakuja, nitakuandikia leseni. La sivyo anarudi bandani, na siku zake za bandani zimekwisha. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, bwana," alijibu Demetria.

Wiki ya kwanza Shaba alijificha nyuma ya jiko. Demetria alimwita mpaka sauti ikamkauka. Mbwa alipokaribia kidogo, Demetria alimrukia na kumkumbatia kwa furaha, na mbwa akajinyofoa mikononi mwake akarudi mafichoni. Wiki ya pili mambo yalikuwa yale yale. Mama yake, Kokuberwa, aliyekuwa akishona nguo za watu barazani, aliinua macho kutoka kwenye cherehani na kumwambia ampe mbwa nafasi. Demetria hakuona nafasi gani nyingine ampe, maana ua wote ulikuwa wake.

Kisha akatokea Zuena.

Zuena alikuwa rafiki yake wa chanda na pete. Aliishi nyumba ya pili na bibi yake, Bi Mwanakombo, na kati ya nyumba hizo palikuwa na ua mfupi wa makuti. Nyumbani kwao hawakufuga mbwa, kwani ni Waislamu, na mate ya mbwa kwao ni najisi. Jioni moja Zuena alisimama upande wake wa ua, akaita mara moja tu, tena kwa sauti ndogo: "Shaba." Akanyamaza. Mbwa akatoka nyuma ya jiko, akavuka uwanja wote, akapita mbele ya Demetria kama vile Demetria ni kinu, akaketi chini ya makuti akitikisa mkia. Zuena akamrushia kichwa cha dagaa.

"Mtazame!" Zuena alicheka. "Kumbe ana adabu!"

Demetria naye alicheka, lakini kicheko hakikumfika moyoni. Nani aliyemwomba baba wiki tatu? Nani aliyeamka alfajiri kukoroga uji? Na huyu ambaye hata kumgusa mbwa hamgusi, ndiye anayetikisiwa mkia!

Tangu hapo ikawa kila jioni ni hivyo. Zuena akiita, Shaba huyo. Zuena akisema "kaa," Shaba anakaa. Demetria akiita, Shaba humtazama kwanza kwa pembeni, kama mtu anayedaiwa. Kijicho kikamwota Demetria kifuani. Akaanza kuona makosa ambayo hakuwahi kuyaona: kwamba Zuena hucheka kwa sauti kubwa mno, kwamba hujidai kwa khanga yake mpya, kwamba aliazima kalamu yake na kuirudisha imeng'atwa. Wahenga walisema hasidi hana sababu, na Demetria zilipomwishia sababu alizitunga.

Zilipobaki siku tano, wazo baya likamjia. Alikuwa amewahi kumwona mbwa mkubwa wa Mzungu mmoja akiongozwa kwa mnyororo unaokaza shingo kila anapovuta, na mbwa yule alimtii bwana wake kwa kila neno. Demetria hakuwa na mnyororo. Akachukua waya mwembamba uliobaki baba yake alipotengeneza banda la kuku, akasokota kitanzi, akamvisha Shaba chini ya ule mkanda wa ngozi ili watu wasikione. Akafunga kamba kwenye kitanzi. Zuena alipoita jioni ile, Demetria aliivuta kamba. Shaba alilia, akageuka, akaja kwake amelaza masikio.

"Umeona?" Demetria alimwambia Zuena kupitia juu ya makuti. "Sasa anamjua mwenyewe ni nani."

Zuena alimtazama mbwa, akaingia ndani.

Ungedhani Demetria alifurahi. Alifurahi, lakini kwa dakika mbili tu. Shaba alikuja kwake akitetemeka, na mkia ulikuwa katikati ya miguu. Hata hivyo alisema moyoni kwamba mbwa atazoea, akakiacha kitanzi mahali pake siku ya pili, na ya tatu pia.

Siku ya nne Kokuberwa aliona nzi wakimzonga mbwa shingoni. Akainua ule mkanda, akapiga kelele. Waya ulikuwa umekata ngozi, na kidonda kilikuwa kimeanza kunuka. Aliufungua taratibu huku akimbembeleza mbwa kwa Kihaya, kisha akamgeukia binti yake na waya mkononi.

"Demetria! Nani amefanya hivi?"

Hapo ndipo Demetria alipoteleza. Aliiona kesho yake yote: Bwana Marselino anakuja, Shaba anarudishwa bandani, naye analaumiwa na dunia nzima. Ulimi ukatangulia.

"Ni Zuena, mama. Anamtaka Shaba awe wake. Nilimwona akimfunga."

Kokuberwa hakuwa mwanamke wa kungoja. Alimshika binti yake mkono, mkono wa pili ukashika waya, wakazunguka hadi nyumba ya pili. Bi Mwanakombo alikuwa amekaa barazani na ungo wa mchele, anapepeta. Zuena alikuwa pembeni yake anachambua mchicha.

"Shikamoo, bibi," walisalimia.

"Marahaba. Mbona mna sura za msiba?"

Kokuberwa alieleza yote. Mikono ya Bi Mwanakombo ilitulia juu ya ungo. Alimtazama mjukuu wake, akamtazama Demetria, kisha akauliza polepole:

"Mwanangu Kokuberwa, hebu nieleze mie mzee. Waya huo umekaa chini ya mkanda, shingoni mwa mbwa, na umesokotwa. Mtu anausokotaje bila kumshika mbwa? Juzi pua ya mnyama huyo ilipenya kwenye makuti ikamgusa Zuena kidole. Kidole kimoja! Mtoto aliosha mara saba, moja kwa udongo, akanimalizia maji ya mtungi. Leo ndiye aliyemkumbatia mbwa shingo akamvisha waya?"

Kokuberwa aligeuza uso taratibu kumtazama binti yake. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Demetria ilikuwa fupi kama kutoka ua hadi ua. Machozi yalikuwa yakimdondokea Zuena kwenye mchicha. Kuyaona machozi hayo kulimuuma Demetria kuliko fimbo yoyote.

"Ni mimi," alisema. "Nilimfunga mimi. Nilikuwa na wivu. Mimi namlisha, lakini anampenda Zuena."

Kokuberwa aliona aibu hata akakosa pa kuweka mikono. Alimwomba radhi Bi Mwanakombo, akamwomba na Zuena, mtoto mdogo kwake. Kisha akamwambia Demetria, "Haya, kamchukue mbwa. Hatungoji kesho. Twende kwa Bwana Marselino, na utamwambia wewe mwenyewe kwa mdomo wako."

Walitembea na Shaba, Demetria akilia njia nzima, maana alijua alikuwa akimpeleka mbwa kwenye sindano. Bwana Marselino aliwasikiliza bila kukatiza. Alikiosha kidonda kwa maji ya chumvi, akapaka dawa, kisha akamwekea Demetria ule waya kwenye kiganja.

"Jizungushie kwenye kifundo cha mkono. Haya, vuta kidogo."

Demetria alivuta kidogo, akaacha upesi.

"Shaba amekaa nao siku tatu," alisema Bwana Marselino. "Yeye hakuweza kuacha."

Akamwonyesha mikanda iliyoning'inia ukutani: mnyororo unaokaza, mkanda wenye meno ya chuma kwa ndani, na mkanda mpana wa ngozi kama ule wa Shaba. "Nikikuachia mbwa huyu, utamvisha upi?"

Demetria aliitazama yote mitatu. Mnyororo hakuutaka hata kuugusa. Alinyoosha mkono kwenye ule wa ngozi, akasita.

"Huu ni mzuri, bwana, lakini utakaa juu ya kidonda. Hakuna mkanda usiogusa shingo kabisa?"

Bwana Marselino aliguna. Alichora ardhini kwa kidole mkanda unaopita kifuani na nyuma ya miguu ya mbele, na Kokuberwa, aliyezoea kukata nguo kwa kutazama tu, akasema, "Huo nitaushona leo hii kwa kitambaa cha kaki, nikikunje mara tatu."

"Basi ninakuongezea wiki mbili," Bwana Marselino alimwambia Demetria. "Si kwa sababu hukukosa. Ni kwa sababu umekuja kabla sijakuja mimi."

Jioni ile Demetria alikwenda kusimama kwenye makuti. Zuena alimwacha asimame kitambo.

"Nisamehe," alisema Demetria. "Nilikusingizia."

"Uliniumiza," Zuena alijibu. "Mie nilikuwa nakufundishia mbwa wako, we unasema nakuibia."

"Najua. Basi nifundishe mimi, maana mbwa anajua kuliko mimi."

Zuena alijizuia, lakini kicheko kikamtoka. "We unamwita mara kumi, na unamwita kama unagombana. Halafu akija unamkamata. Mie simkamati, siwezi. Ndiyo maana haniogopi. Mwite mara moja, unyamaze. Akija, mpe kitu, umwache aende zake."

Lilikuwa jambo dogo, na lilikuwa gumu ajabu. Siku ya kwanza Demetria aliita mara moja, akakaa chini akajiuma midomo ili asiite tena, na Shaba hakuja. Siku ya tano alikuja nusu ya uwanja. Siku ya tisa alichukua kipande cha muhogo mkononi mwake akakimbia. Wivu nao haukuondoka kama mgeni aliyeaga. Kila Shaba alipomkimbilia Zuena kwanza, ulimchoma tena, na Demetria alinyamaza tu akasubiri zamu yake.

Wiki mbili zilipotimia, Bwana Marselino aliegesha baiskeli yake mlangoni. Kidonda kilikuwa kimefunga. Alipitisha vidole viwili chini ya mkanda wa kaki, vikapita.

"Mwite," alisema.

Demetria alikwenda mwisho wa ua, akachuchumaa. "Shaba," aliita, akanyamaza. Mbwa aligeuza kichwa kwenye makuti walikosimama Zuena na bibi yake. Demetria hakuita mara ya pili. Shaba akasimama kidogo, akaja mbio kwa Demetria na mkia juu, akaweka kidevu chake gotini mwake. Hakuna aliyemshika.

Bwana Marselino alitoa karatasi na kalamu. "Jina la mlezi?"

Demetria alikuwa amelingoja swali hilo tangu Juni. Alifungua mdomo, akatazama kwenye makuti.

"Andika majina mawili, bwana. Andika na Zuena. Yeye ndiye aliyemfundisha Shaba, akanifundisha na mimi."

Watu wote walimgeukia Bi Mwanakombo. Bibi alikaza khanga yake, akafikiri.

"Jina liandikwe," alisema. "Mate yabaki upande wenu."

Wakacheka wote, hata Zuena aliyekuwa akijifuta macho. Bwana Marselino aliandika majina yote mawili, akampa Demetria kibati cha leseni, kisha akaweka kalamu mfukoni na kuwaambia watoto maneno haya:

"Demetria, hakuna aliyekuibia kitu. Mwenzako alipopendwa, wewe hukupungukiwa. Wivu ndio uliokudanganya, ukakufanya umwumize mnyama asiyeweza kujisemea, kisha ukamsingizia rafiki. Siku nyingine ukiona mwenzako anafanikiwa mahali unapokwama, nenda kamwulize anafanyaje. Hilo ndilo ulilolifanya mwishoni, na ndiyo sababu mbwa huyu yu hai."

"Nimesikia, bwana," alisema Demetria.

Kisha akakifunga kile kibati kwenye mkanda wa kaki, akamwacha Shaba aende zake, na Shaba akaenda moja kwa moja kwenye makuti.