Mwanasaumu wa Rokenroli

"Zima redio hiyo!" Mzee Sheikhan alimfokea binti yake.

Mwanasaumu alizima, lakini redio ya jirani nayo ilikuwa ikicheza wimbo uleule. Mwaka ule wa 1986 Kisauni nzima iliukariri. Stambuli, mwimbaji wa jazi kwenye hoteli moja ya Shanzu, aliiacha sauti yake tamu akatoa sahani ya santuri ya mzaha, rokenroli ya Kiswahili, huku akijitia kwikwi na kupiga ukelele: "Mwanasaumu, njoo turuke!" Na ndiye huyohuyo aliyeleta posa kwa mzee.

"Posa yake nairudisha leo!"

Mwanasaumu alikimbilia simu ya dukani, akampigia hotelini.

"Stambuli, umeniua."

"Kwani vipi, mpenzi? Nilitaka ulimwengu wote ujue nakupenda."

"Waimbaji wetu humwita mpenzi ua, humwita njiwa, jina wakalisitiri. Wewe umenitaja mchana kweupe, walevi waliruka jina langu vilabuni! Baba hana pa kuuweka uso wake."

"Sasa nifanye nini?"

"Njoo Ijumaa baada ya swala, umtake radhi mbele ya watu. Na wimbo usiuimbe tena."

"Wallahi siuimbi tena."

Ijumaa alikuja, kanzu imenyooka, akamshika mzee mkono pale barazani.

"Nimekosa, baba. Niwie radhi."

Mzee alimwacha ainame kitambo, kisha akalainika.

"Jumapili walete wazee wako, inshallah."

Jumamosi ukumbi wa hoteli ulifurika. Watu walipiga meza wakidai rokenroli yao. Sifa nazo ni ulevi, Stambuli akaimba.

Jumapili wajomba zake walikuwa barazani wakinywa kahawa. Mwanasaumu alimwita Stambuli kwenye mlango wa uani, pazia kati yao. Ishaka, kaka yake Mwanasaumu na mpishi wa hoteli ile, alikuwa ameshamweleza dada yake ya jana.

"Jana umeimba."

"Nimeimba, ila sikukutaja! Nilitia Dhahabu mahali pako."

"Dhahabu ni nani?"

"Si mtu. Ni jina tu, limeingia vizuri kwenye wimbo."

Machozi yalimtoka Mwanasaumu, wala hakuyafuta. Alimpenda mtu huyu, na hata dakika ile alimpenda bado.

"Na watu waliruka?"

"Waliruka vilevile!" Stambuli alijibu kwa furaha, kabla hajajizuia.

"Mwanasaumu!" baba aliita kutoka barazani. "Wageni wangoja. Niwajibu nini?"

"Abee, baba. Waambie wakampose Dhahabu."