Mgongo wa Kumbeba Mama

Asubuhi Ndaya aliwasha mbabula, jiko lake la makaa, akapanga makaa vizuri, akafagia mbele ya makao yake kama alivyozoea. Lakini nyumba haikuwapo tena. Kulikuwa na turubai moja tu, limefungwa kwenye miti, kando ya reli, kwenye gare, kituo cha treni cha Kolwezi, Katanga.

Ulikuwa mwaka wa 1993. Migodi ilikuwa imeanguka, mishahara imekwisha. Na watu wenye asili ya Kasai, mkoa wa mbali, waliambiwa na Wakatanga, "Rudini kwenu!" Kwao wapi? Mukendi, mume wa Ndaya, alizaliwa Kapata, mtaa wa hapo hapo Kolwezi, katika nyumba ya kampuni ya migodi. Kasai hakuwahi kuiona hata siku moja. Walimfukuza hivyo hivyo, yeye na mke wake, na binti yao Annie, na mama yake mzee, Mama Mbelu. Sasa walikuwa wanangoja treni pamoja na umati wa wengine.

Mama Mbelu alikuwa hawezi kusimama. Miguu yake ilikwisha kufa. Na treni yenyewe ilikuwa ya mizigo: mlango uko juu, watu wanasukumana, asiyepanda anabaki. Wazee wengi walibaki. Mambo hayo yanauma kuyasema, lakini ndivyo yalivyokuwa.

"Mi njo nitamubeba," Mukendi alisema kila mara. "Mi mwenyewe."

Kutwa alibeba bidoni, madumu ya maji, kwa ajili ya watu, nao wakampa unga wa mahindi kidogo. Jioni mapaja na mabega yalimuuma sana. Asubuhi yalikuwa bado yanauma.

"Tata Annie, kuya kula," Ndaya alimwita mumewe, baba wa Annie, aje kula. "Bamama ba parokia balileta maharagi."

"Maharagi ya nini? Inajaza tumbo tu. Mi niko na poudre yangu."

Zamani Mukendi alikuwa golikipa wa timu ya kampuni. Baada ya mechi, kocha aliwapa wachezaji kikombe cha unga wa protini, hiyo poudre, uliokorogwa na maji. Mtaa mzima uliamini kwamba siri ya ushindi ni kile kikombe. Kwa hiyo pale gare, Mukendi alipoona mchuuzi ana mkebe wa unga ule, alitoa gunia la kalanga la familia, akachukua mkebe. Ndaya alilia asiutoe, wapi, hakumsikia! Tangu siku ile Mukendi alikunywa unga asubuhi na jioni, akaachia wengine bukari yote, ugali wao. Aliona anafanya vizuri.

Siku moja alitaka kujaribu. Alimpakia mama yake mgongoni, akasimama. Magoti yakakunjika. Wote wawili wakaanguka kwenye kokoto.

"Yo! Mama wangu!" Mukendi alipiga kelele.

Mama Mbelu alichubuka mkono. Godelieve, muuguzi aliyekuja kila siku na akina mama wa parokia, alikimbia kumfunga kidonda. Alikuwa Mkatanga, na kuna Wakatanga wenzake waliomtukana kwa kuwasaidia waliofukuzwa. Halafu akamgeukia Mukendi.

"Na weye, Tata, unakulaka nini?"

Mukendi alimwonyesha mkebe. Godelieve akatikisa kichwa.

"Hii peke yake?"

"Benu munatufukuza," Mukendi alisema kwa hasira, "na sasa munataka kutufundisha kula?"

Godelieve aliinamisha macho.

"Ni kweli, Tata. Mi ninasikia haya. Lakini huyu mama atapanda treni namna gani?"

Mukendi alikaa chini, akaanza kulia. Alilia kama mtoto, hakujificha.

"Sikia," Godelieve alisema polepole. "Ukibeba mizigo, nyama ya mwili inapasuka kidogo kidogo. Njo ile maumivu. Protini inaishona, wakati unapumzika na unapolala. Lakini mwili unahitaji bukari pia, juu ya kupata nguvu ya kazi. Ukikosa bukari, mwili unachoma ile protini kama kuni. Haibakie ya kushona."

"Basi poudre ni mbaya?"

"Hapana. Ni chakula, si dawa. Inasaidia mutu mwenye kukosa protini. Lakini maharagi iko nayo. Kalanga iko nayo. Samaki, mayai, maziwa, vilevile. Na mwenye ugonjwa wa figo aulize munganga kwanza. Sasa niambie: kule ku timu, kisha kukunywa kikombe, ulienda wapi?"

"Nilirudia kwetu. Mama alikuwa ananingoja na bukari na nyama."

"Umeona? Ulikumbuka kikombe, ukasahau sahani."

Mama Mbelu, pamoja na maumivu yake, alicheka. "Aliimaliza sahani yote, huyu!"

Tangu siku ile Mukendi alikula bukari na maharagi pamoja na watu wake. Ndaya alitoa kikwembe kimoja, kitenge chake cha kuvaa, akapata samaki wakavu. Ule unga hawakuutupa. Walitia kijiko katika uji wa mama na wa Annie, na maji waliyachemsha kwanza. Mukendi alipunguza bidoni, akapumzika mchana. Polepole maumivu yakapungua. Alipomwinua mama yake tena, magoti yalitulia.

Hatimaye treni ilikuja, mchana mmoja, mvua ikinyesha. Watu wakakimbia, wakapiga mayowe. Ndaya alipanda na Annie. Mukendi alimfunga mama mgongoni kwa shuka, akashika chuma cha mlango. Godelieve alisukuma kwa nyuma.

"Mwana wangu, uko na nguvu," Mama Mbelu alimwambia sikioni. "Basi unipeleke kwetu."

"Njo kwetu tunaenda, Mama."

"Hapana." Alinyoosha mkono nyuma, upande wa mji, upande wa Kapata. "Kwetu ni kule."

Mukendi alimshika vizuri zaidi, akapanda naye.