Mzee Aliyeomba Kukaribishwa

Fundi alitoka nyumbani jioni ile kufuata vifungo. Vifungo vyeupe, vidogo, vya gauni la harusi ya shemeji yake.

Ndiyo, shemeji yuleyule. Mdogo wake Fundi hajamaliza hata mwaka kaburini, mume ameshapata mchumba, na gauni la mchumba likaletwa kwa nani? Kwa dada wa marehemu. "Wewe si ndiye fundi wetu wa nyumbani?" shemeji alimwambia, akacheka mpaka magego yakaonekana. Nyumba yenyewe ilikuwa ya Fundi, aliachiwa na baba yake, lakini shemeji alikuwa amejichimbia katika chumba cha marehemu mkewe na hakuwa na dalili ya kuhama.

Mvua ikamkuta njiani. Akakimbilia mkahawani, akajibanza kwenye meza ya kona, akaagiza kahawa. Watu walikuwa wachache. Televisheni ilikuwa ikijisemea peke yake ukutani.

"Hapa pana mtu, mwanangu?"

Alikuwa mzee mrefu, aliyepinda mgongo, koti lake limechakaa kwenye viwiko.

"Shikamoo. Hapana mtu, mzee wangu. Kaa."

Mzee akaketi. Ndipo Fundi alipoona. Nje mvua ilikuwa ikimwagika kama mbingu imepasuliwa, lakini koti la mzee lilikuwa kavu. Hata viatu vilikuwa vikavu. Na alinuka udongo... ule udongo uliofukuliwa sasa hivi.

"Unamshonea mtu usiyempenda," mzee akasema.

Fundi akacheka kidogo. "Mafundi tukishonea tunaowapenda tu, si tutalala njaa?"

Mzee hakucheka.

"Mdogo wako aligonga sana."

Kikombe kikagota kwenye kisahani.

"Unasemaje?"

"Mlango. Uchungu wa kuzaa ulimshika asubuhi. Mumewe akasema anadeka. Akamfungia kwa nje, akaondoka na ufunguo. Aligonga, mwanangu... aligonga mpaka kucha zikamtoka."

Siku ile Fundi alikuwa safarini, amefuata vitambaa. Aliporudi alikuta jeneza limeshafungwa. Ghafla tu, shemeji alimwambia huku akijifuta macho. Yeye na mtoto, ghafla tu.

"Wewe ni nani?"

"Mimi kazi yangu kuuliza. Nataka kumuuliza huyo bwana maneno machache. Lakini siingii nyumba ya mtu bila ruhusa, na mwenye nyumba ni wewe." Mzee akainama mezani, akanong'ona. "Nikaribishe."

Angeweza kusimama akaondoka zake. Angeweza kwenda polisi, akaulizwa shahidi yuko wapi, akarudi alivyokwenda. Akayakumbuka yale magego. Kitu cha moto kikampanda kifuani, kikafika mdomoni.

"Karibu," akasema.

"Nyumbani kwako?"

"Nyumbani kwangu. Karibu sana."

Mzee akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Fundi akainamia mkoba kutafuta leso. Alipoinua macho, kiti kilikuwa kitupu.

Mvua ilikuwa imekatika alipofika kwake. Alisikia tangu nje.

Ngo. Ngo. Ngo.

"Shemeji! Nifungulie!" mume wa marehemu alikuwa akimwita kutoka ndani.

Fundi akaenda hadi kwenye chumba cha shemeji.

Mlango ulikuwa wazi.

Wazi kabisa, pazia likipepea. Ndani, shemeji alikuwa amempa mgongo, anagonga ukuta. Anagonga kwa ncha za vidole, na ukuta ulikwisha kuwa mwekundu. Kitandani hapakuwa na mtu... lakini godoro lilikuwa limebonyea, kama limekaliwa. Harufu ya udongo ilijaa mpaka sebuleni.

"Ndiyo," shemeji alikuwa akimjibu asiyeonekana, huku analia. "Ndiyo, nilimsikia... Hapana, ufunguo haukupotea... nilikuwa nao mfukoni..."

Huenda angemshika bega angezinduka. Fundi alilijua hilo. Badala yake akavuta kiti, akakaa, akasikiliza. Na ukweli usemwe: alisikia raha. Raha ya kutoa machozi.

Kisha shemeji akajibu swali jingine.

"Mama mdogo? Ndiyo... alikuwapo uani. Alisikia kila kitu. Aliniambia mwache, atanyamaza mwenyewe."

Raha yote ikamkauka Fundi. Mama mdogo! Mama mdogo aliyewalea wote wawili tangu mama yao alipofariki, aliyelia msibani kuliko wote.

Asubuhi ndugu zake shemeji walikuja kumchukua, wakampeleka hospitali. Daktari alisema ni akili. Wamemfunga vitambaa mikononi, na bado anagonga. Yule mchumba hajaonekana tena.

Fundi akarudi mkahawani kumtafuta mzee. Mwenye mkahawa aliendelea kufuta meza bila kumtazama.

"Wengi huja kumuulizia," akasema. "Wote wanataka kujua anaondokaje."

"Anaondokaje?"

"Hakuna aliyerudi kuniambia."

Jioni hiyo Fundi alikaa kwenye cherehani, chumba cha shemeji kikiwa kitupu ng'ambo ya ukumbi. Godoro likalia. Taratibu, kama mtu anayenyanyuka. Harufu ya udongo ikaja, ikavuka ukumbi, ikasimama nyuma ya kiti chake.

Hakugeuka.

"Nani mwingine?" sauti ikanong'ona.

Fundi akakaza midomo. Hakutamka jina. Wallahi hakutamka. Lakini moyo una mdomo wake, na aliyekuwa nyuma yake hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

Nje, viatu vikaburuzika kizingitini.

"Hodi! Mwanangu, upo?" Ilikuwa sauti ya mama mdogo, imechoka, ya upole uleule wa siku zote. "Nimekuletea chakula. Najua huli."

Nyuma ya kiti, kitu kikashusha pumzi.

Fundi akaendelea kukaa kwa muda, mkono juu ya gurudumu la cherehani. Kisha akafuta machozi, akainuka, akaenda kumfungulia.